Mwanachama Anavuruga Kila Kikao, Wenzangu Wanataka Tumfukuze Akiwa Mlimani

Anti shikamoo, pole na majukumu. Nakusomaga sana ila sikuwahi kuwaza kama na mimi ntakuja kuandika. Naomba usitaje jina langu wala la chama maana Moshi hii ni ndogo, ukikohoa Majengo wanakupa pole Kiboriloni.

Mimi ni muongoza watalii, napandisha wageni Kilimanjaro, na sasa hivi ni katibu wa chama chetu cha waongozaji. Chama kimesajiliwa, kina katiba, kwenye daftari tuko kama 140 japo wanaolipa ada hawafiki hata mia. Kinatusaidia kwa mengi, mtu akifiwa, akiumia mlimani, kampuni ikimzungusha malipo yake, yaani bila chama kila mtu anabaki na bosi wake peke yake na unajua mwenyewe mabosi wengine walivyo.

Sasa kuna mwanachama mmoja ntamuita Mangi, nusu ya wanaume wa huku wanaitwa hivyo kwahiyo hatajulikana. Mangi ni mmoja wa waanzilishi, mlima anaujua kuliko wote na mimi mwenyewe ndo alinitoa kwenye ugumu, nilianza kubeba mizigo kwenye kundi lake, akanifundisha kingereza cha kuongea na wageni, akanisukuma mpaka nikapata leseni. Ila kwenye kikao Anti huyu mtu hafai. Anakuja kachelewa, mara nyingi ameshapitia sehemu akapata mbili tatu, agenda ya kwanza haijaisha ameshasimama. Anakatiza watu, anatukana, mhazini wetu ambaye ni mama mtu mzima kamuita mwizi mbele ya watu wote zaidi ya mara moja. Mwaka jana alichana daftari la mahudhurio. Kikao cha mwisho kabla ya krismasi alinyanyua kiti, sijui kama alitaka kurusha kweli au alitishia tu, watu wakatoka nje na kikao kikafa hapo hapo. Vijana wapya anawaambia wasilipe ada maana inaliwa. Na amewaandikia barua kampuni mbili kwamba mwenyekiti wetu anakula hela ndo awapendekeze watu kwenye kazi. Sasa hivi vijana hawaji tena vikaoni, akidi haitimii, hatupitishi kitu, hata mahesabu ya mfuko hayajasomwa tangu kipindi cha korona tulivyowagawia wanachama elfu hamsini hamsini maana kila tukitaka kusoma anavuruga.

Kamati ya utendaji tumechoka. Mwenyekiti ameona mwisho wa mwezi huu wa pili Mangi anapandisha wageni njia ya Lemosho, siku 8, huko juu simu shida. Wazo lake ni kamati ikae hizo siku, imfukuze, tumtoe kwenye grupu la WhatsApp, tutangaze kwa kampuni zote kwamba siyo mwenzetu, akishuka Mweka anakuta kazi imeisha. Katiba yetu inasema mwanachama anaweza kufukuzwa na mkutano mkuu kwa theluthi mbili ya waliohudhuria kwa kosa la "utovu wa nidhamu", haisemi utovu ni nini, lakini mwenyekiti anasema kamati inaweza kuamua halafu mkutano ubariki baadae. Na kuna kitu kingine kinanikosesha usingizi, ameniambia niandike barua mbili za onyo nizipe tarehe za nyuma, mwezi wa tisa na wa kumi na moja, ili ionekane alionywa. Ukweli hajawahi kuonywa kwa maandishi, tulikuwa tunamuongelesha tu pembeni.

Anti mi nataka Mangi atoke, nakubali kabisa, chama kinakufa. Ila naona kama kuna namna hii kitu haijakaa sawa, na yeye ni kama kaka yangu mkubwa. Nifanyeje?

Katibu, Pasua, Moshi

*

Marahaba mwanangu. Umeandika sana kuhusu Mangi ila kilichonishtua mimi ni zile barua mbili, kwahiyo naanzia huko.

Usiziandike. Sisemi ukajaribu kumuelewesha mwenyekiti, wala sisemi uandike moja uache moja, nasema usiziandike. Kukaa leo ukatengeneza karatasi ukaipa tarehe ya mwezi wa tisa ili mtu aonekane alionywa ni kughushi, na kughushi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na saini pale chini itakuwa ya kwako, mwenyekiti atakuwa amekaa pembeni anasema yeye aliletewa na katibu. Siku Mangi akipata wakili swali la kwanza utakaloulizwa ni barua zilipelekwa na nani, alisaini wapi kwamba amepokea, na kwanini wajumbe wengine wa kamati hawajawahi kuziona, hapo utameza mate mpaka yaishe. Mjibu mwenyekiti kwa meseji, kwa heshima, mwambie mzee hizo za nyuma sitaweza ila naweza kuandika ya onyo leo kwa tarehe ya leo. Meseji hiyo usiifute.

Na hiyo ya leo iandike kweli. Mtu ananyanyua kiti kikaoni mnamuongelesha pembeni? Mmemlea Mangi wenyewe. Vyama vyetu hivi ndo vilivyo, tunaona aibu kumuandikia mkubwa karatasi, tunamvuta pembeni tunamnunulia soda, tunasema kaka punguza, halafu siku tukichoka tunataka kumkata kichwa kwa mkupuo. Hajapewa karatasi hata moja inayosema ulifanya hiki, tarehe hii, kinavunja kifungu hiki, ukirudia kitafuata hiki. Yeye kichwani kwake anajua mnamheshimu na mnamuogopa, na mpaka sasa hajakosea.

Haya, sasa sentensi uliyoipitisha mbio ukidhani sitaiona. Mahesabu ya mfuko hayajasomwa tangu korona. Mwanangu! Hiyo ndo barua yenyewe, mengine yote yanazunguka hapo.

Mi nakumbuka ule mwaka, nani asiyekumbuka huku kaskazini. Watalii walioingia nchini 2019 walikuwa milioni moja na nusu na kitu, 2020 wakashuka mpaka kama laki sita na ishirini, na mwezi wa nne ndege za kimataifa zilisimamishwa kabisa mpaka katikati ya mwezi wa tano. Wagumu, wale wabeba mizigo, walirudi kulima, waongozaji waliuza mpaka mahema. Kwahiyo mfuko kutoa hela kipindi kile ni sawa, ingekuwa ajabu usingetoa. Lakini elfu hamsini hamsini zilitolewaje? Kwa orodha iliyosainiwa au kwa mkono, huyu apewe leo yule atapewa kesho, mwingine kwa simu, mwingine alitumiwa kupitia mke wake? Nahisi ni hivyo vya mwisho, na sisemi mhazini kaiba, inawezekana kabisa huyo mama ni mwaminifu kuliko nyie wote na ndo maana matusi ya Mangi yanauma hivyo. Ila swali la pesa likikaa miaka yote hiyo bila jibu halikai kimya, linaoza. Mkimfukuza anayeuliza kabla hamjafungua daftari, watu wote 140 mpaka wasiompenda watasema neno moja tu na wewe unalijua.

Na hicho kisingizio cha kwamba anavuruga kila mkitaka kusoma, mahesabu ya chama huwa hayasubiri mtu anyamaze. Chapisheni kopi, mgaieni kila mwanachama wiki mbili kabla ya mkutano, bandikeni ukutani. Mtu hawezi kuvuruga karatasi iliyoko mfukoni kwa kila mtu. Tafuteni mhasibu wa nje asiye na ndugu kwenye kamati akague, mji huu wenye KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu 1933 na chuo kikuu kizima cha ushirika haukosi mtu wa kukagua daftari la chama cha watu 140. Kama kuna risiti hazipo mseme hazipo, na kila aliyepokea elfu hamsini yake asaini sasa kwa tarehe ya sasa kwamba alipokea.

Ila usije ukasema Anti kamtetea Mangi. Chukua karatasi ugawanye alivyofanya mafungu mawili. Kuuliza hela iko wapi, kupinga mwenyekiti, kupiga kura ya hapana, kurudia swali mpaka watu wachoke, hizo zinakera lakini ni haki ya mwanachama, huwezi kumfukuza mtu kwa kukera. Kuchana daftari la chama, kunyanyua kiti, kuja amelewa, kumuita mama wa watu mwizi bila ushahidi, hayo ni makosa hata kama swali lake la pesa ni la kweli asilimia mia. Hiyo ya kuwaambia vijana wasilipe ada mi naiweka katikati, ni ujinga lakini mtu ana mdomo wake. Na barua kwa kampuni, hapo tulia kidogo. Anasema mwenyekiti anakula hela za kupendekeza watu. Ni kweli au uongo? Mbona hujaniambia? Kama ni uongo ni kosa kubwa, kachafua jina la mtu na la chama. Kama ni kweli basi mnataka kumfukuza shahidi. Na kwa vyovyote mwenyekiti hawezi kuwa ndiye anayeamua hiyo, maana yeye ndo mwenye kesi.

Sasa hii ya Lemosho. Nilivyosoma nilicheka halafu nikaacha kucheka. Mtu yuko juu huko anawapeleka wageni kileleni, nyie huku chini mnampigia kura, akishuka getini anakuta meseji. Mnadhani mmemshinda? Mmempa zawadi. Katiba ya nchi, Ibara ya 13(6)(a), inasema mtu haki na wajibu wake vikiwa vinaamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, lazima apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na pia haki ya kukata rufaa. Haijasema mahakama peke yake. Chama kinachomhukumu mwanachama wake kikienda kinyume na hapo uamuzi wake hautachukua raundi mbele ya jaji.

Hii kitu ni ya zamani kuliko vyama vyetu. Kule Uingereza mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimnyang'anya digrii zake mzee mmoja anaitwa Richard Bentley, mkuu wa Chuo cha Trinity, mgomvi kwelikweli, alipigana na wenzake miaka na miaka, yaani huyo alikuwa Mangi wao. Wakamvua digrii bila kumuita ajieleze. Kesi ilipofika mahakamani 1723 jaji mmoja akasema hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumuita, alimuuliza Adamu uko wapi, umekula tunda la ule mti niliokukataza? Mungu alikuwa anajua kila kitu na bado aliuliza. Bentley akarudishiwa digrii zake na ugomvi wake vile vile. Sasa nyie kamati ya utendaji ya Moshi mnajua kuliko Mungu?

Halafu mwenyekiti anavyosema kamati iamue mkutano ubariki baadae, hapana. Umeniandikia mwenyewe kwamba katiba yenu inasema mkutano mkuu. Mwenye mamlaka ni mkutano mkuu, kamati haina, na mkutano hauwezi kubariki kitu ambacho kamati haikuwa na mamlaka ya kukifanya. Hata mfukuze mtu mwenye makosa hamsini, mkikosea nani wa kufukuza mmeanza upya.

Na kabla ya kufika kwenye kufukuza, mbona kuna hatua hamjazigusa kabisa? Umenielezea vikao vinavyovunjika ila hujaniambia hata siku moja mwenyekiti alisema Mangi kaa chini, zamu yako bado, Mangi nakuonya, Mangi naomba utoke ukumbini kwa kikao cha leo. Mtu akivuruga anatolewa kikao kile, anabaki mwanachama, kikao kijacho anarudi. Nahisi mwenyekiti wenu akitukanwa na yeye anajibu, wanabishana wao wawili nusu saa na nyie mnaangalia kama mechi. Mkutano ujao mchague mtu mwingine wa kuongoza siku hiyo, mzee mmoja anayeheshimika asiyegombea kitu, sheria zisomwe mwanzoni, kila mtu dakika tatu, unaongea kupitia kwa mwenyekiti wa kikao, aliyekunywa haingii. Mahesabu yawe agenda ya kwanza, msiyaweke ya tisa baada ya watu kuchoka. Wekeni vijana wawili wenye utulivu mlangoni, wasiwe maadui zake. Nakuambia nusu ya kelele za Mangi zinaweza kuishia hapo, na isipoishia basi mtakuwa mmeona wote kwa macho kwamba swali lilijibiwa na bado ananyanyua viti.

Kuhusu lini, msifanye mwezi wa pili wala msifanye msimu. Subirini masika, mwezi wa nne au wa tano, mvua inanyesha, wageni wachache, waongozaji wengi wako chini wanashona mabegi na kudaiana, akidi itatimia yenyewe na Mangi atakuwepo. Huo ndo mkutano mkuu wa kwanza wenye maana mtakaokuwa nao muda mrefu.

Kama baada ya hapo bado mnataka atoke, fanyeni hivi. Aandikiwe mashtaka, na yawe ya kueleweka, maana "utovu wa nidhamu" peke yake siyo shtaka, ni tusi la kiofisi. Tarehe fulani ukumbi fulani ulichana daftari la mahudhurio, mashahidi fulani na fulani. Tarehe fulani ulinyanyua kiti. Apewe kwa mkono asaini, akikataa kusaini aliyepeleka aandike kwamba amekataa mbele ya nani, na apewe siku za kutosha kujibu, angalau zile ambazo katiba yenu inatoa kwa taarifa ya mkutano. Asikilizwe kwanza na kamati ndogo ya watu watatu au watano ambao hawakutukanwa naye. Mwenyekiti na mhazini wasiwemo, wao ni walalamikaji, waje watoe ushahidi wakae chini. Na wewe katibu usiwe mwamuzi pia, wewe ndo mwandishi na ni mdogo wake, kaa kwenye kuandika. Aruhusiwe kuja na mtu wa kumsindikiza, aruhusiwe kuwauliza mashahidi maswali, asipofika bila sababu muendelee lakini muandike kwamba alipewa taarifa na hakufika.

Kamati ndogo ikimaliza inapeleka mapendekezo mkutano mkuu. Mkutano ukipiga kura iwe ya siri, kwa karatasi, maana nyie watu mnapeana kazi, leo Mangi kesho mwenyekiti ndo anakuita kwenye safari, nani atanyoosha mkono mbele yao? Wakija watu 70 basi theluthi mbili ni 47, wakiwa 46 hajafukuzwa, msianze kusema si karibu tu. Na wale wa kamati ndogo wasipige kura, hata mkiona wachache.

Hii ya mwisho usiidharau. Sisemi siasa ila mfano tunao hapa hapa nyumbani. Novemba 2020 Kamati Kuu ya CHADEMA iliwafukuza uanachama kina Halima Mdee, 19 wote pamoja, wakakata rufaa Baraza Kuu, Mei 2022 Baraza Kuu likazikataa rufaa zao. Wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 mahakama ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu, sababu kubwa ni kwamba wajumbe wa Kamati Kuu iliyowafukuza walikuwemo tena kwenye Baraza Kuu lililosikiliza rufaa, yaani walijihukumia kazi yao wenyewe. Chama kikubwa chenye mawakili kibao kimeteleza hapo, nyie wenye mfuko wa rambirambi mtaponaje? Na kwa sababu katiba yenu haijafafanua utovu wa nidhamu, na kama haisemi chochote kuhusu rufaa, huo huo mkutano wa masika pitisheni marekebisho, mpeleke kwa Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani, ila mjue kifungu kipya kinawahusu watakaokosea kuanzia hapo, hamuwezi kukirudisha nyuma kumnasa Mangi na kiti cha krismasi.

Akifukuzwa kihalali, basi. Lakini kufukuzwa chamani siyo kufukuzwa mlimani. Leseni yake hamkumpa nyie, imetoka serikalini, na hamna haki ya kuziandikia kampuni zote zisimpe kazi. Mkitaka kuwajulisha, mstari mmoja unatosha kwamba fulani siyo mwanachama tena kuanzia tarehe fulani, bila kusema kwanini. Mkiongeza neno mlevi au mkorofi mtakuwa mnajitafutia kesi ya kuchafua jina, na safari hii mlalamikaji atakuwa yeye. Kama kuna akiba yake kwenye mfuko ambayo katiba inasema inarudishwa, arudishiwe siku hiyo hiyo na asaini. Muhtasari uandike kavu, hoja, kura ngapi, matokeo, usiandike nani alilia.

Kuna njia nyingine hujaiuliza ila uko Uchagani siwezi kuiacha. Mzee aliyemkosea mwenzake anajua jani la isale ni la nini, ni la kuombea radhi, na anayeletewa isale anajua hawezi kulikataa kirahisi. Kabla ya mashtaka tafuta wazee wawili watatu anaowasikiliza, waliopanda naye zamani, wamfuate nyumbani asubuhi akiwa hajanywa, wamwambie mahesabu yanakuja kusomwa umeshinda hapo, sasa nenda kamuombe radhi yule mama. Siyo aombe radhi kwa kuuliza, aombe kwa kumuita mwizi. Akikubali mbege itapikwa na mtakuwa mmeokoa miezi ya vikao. Akikataa mnaendelea na karatasi zenu, na hao wazee hao hao wakiwemo kwenye mkutano mkuu wanajua walijaribu. Ila yule mama aulizwe kwanza yeye mwenyewe kama anataka hiyo radhi, msimpangie kwamba ameshasamehe kwa sababu wanaume wamekaa wamekunywa.

Na wewe na yeye. Alikutoa kwenye ugumu, ni kweli, na deni hilo hulilipi kwa kumlinda asijibu makosa yake, lakini pia hulilipi kwa kumvizia akiwa Lemosho. Mfuate kabla hajapanda, mwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako kwamba kuna barua ya onyo inakuja, ya tarehe ya leo, ina saini yako, na mahesabu yatasomwa masika. Atakutukana. Mwache atukane, barua mpe.

Mwenyekiti akiikataa hiyo njia akang'ang'ania kikao cha Lemosho, wewe kama katibu andika kwenye muhtasari kwamba ulipinga na sababu zako, halafu omba wajumbe wengine nao waseme walipo. Na akikutoa ukatibu kwa sababu umekataa kughushi niandikie haraka, hiyo itakuwa barua nyingine kabisa na majibu yake ni marefu kuliko haya.

Anti